Nyasi za Machimbo ya Jasi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi nje ya mji mdogo wa Kutulo, nimechuchumaa juu ya machimbo yaliyofukiwa, navuta shina la nyasi ambalo nilikwisha kulivuta jana yake. Mdogo wangu, ningekuita mwanangu kama wazee wanavyofanya, ila sina umri huo, nina uchovu wake tu. Umeniuliza utafanyaje kazi hii bila kukosa usingizi. Usingizi sina wa kukupa. Nitakupa nililoambiwa na mzee mmoja siku hiyo.

Pale palichimbwa jasi, lile jiwe jeupe linalopelekwa viwandani kutengenezea saruji. Wachimbaji walipomaliza walifukia mashimo, wakarudisha udongo wa juu na kumwaga mbegu za nyasi. Wenyeji wakazungushia ua wa miiba. Mimi, niliyetoka chuoni juzijuzi, nilipewa kazi ya kufuatilia kama ardhi inapona. Kila mwezi naweka fremu ya mraba chini, natazama kilichoota ndani yake, napiga picha kutoka palepale niliposimama mwezi uliopita. Kwa mtu mwenye moyo mtulivu ni kazi rahisi. Mimi nikirudi nyumbani nilianza kujiuliza kama fremu niliiweka mahali pazuri kuliko kwingine kwa sababu nilitaka pawe pazuri.

Mwaka huo mvua haikuja. Siku hiyo watu wakakaa kikao kando ya ua, waamue kama mifugo iliyobaki iingizwe. Aliyekuwa na haraka zaidi ni Eedo Halimo. Eedo ni shangazi, ndivyo tunavyowaita wanawake wa rika lake. Alikuwa mjane, na mbuzi wake wa maziwa walibaki ngozi na mifupa. Majirani zake walikuwa wanahama kesho yake kwenda mbali, walikosikia manyunyu yamepita. Akiachwa nyuma, njia yote ile angeswaga mbuzi peke yake.

"Wewe bwana wa fremu," akaniambia, "hii nyasi mbuzi wangu atakula ama hatakula?"

Nikaanza kueleza. Nikasema dalili zipo ila dalili si uhakika, inategemea, pengine tungoje vipimo vya mwezi ujao. Mtu mmoja nyuma akauliza nani atawaambia mbuzi wangoje mwezi ujao. Watu wakacheka. Halimo hakucheka.

Alikuwepo Mzee Gedi, ambaye ujanani alikuwa sahan, yaani yule anayetangulia kukagua malisho na maji kabla familia hazijahama.

"Adeer," akaniita. Ni neno la baba mdogo, na kwetu mkubwa humrudishia mdogo neno lilelile. "Mimi nikirudi kutoka safari napewa maji. Nikimaliza kunywa, nasema. Nilichoona, nasema nimeona. Nisichoona, nasema sijaona. Ngamia wanafungwa mizigo kwa neno hilo. Hakuna mtu aliniuliza kama naogopa."

"Na ukikosea, adeer?"

"Nilikosea. Ng'ombe wakafa. Lakini hakuna mtu alikaa kambini akiningoja nimalize kufikiri."

Nikasimama. Nikasema upande wa juu mizizi imeshika, lakini ni kipande kidogo, hakitawatosha wote. Chini, penye lile shimo kubwa, ndiko nyasi zinakopendeza macho, na ndiko nikivuta shina linakuja na udongo wake. Mifugo ikiingia, itaacha ardhi tupu. Halafu nikasema nisichokiona: sijui kama nyasi za chini zitaishi hata tukiziacha.

Wakaamua ua ubaki umefungwa. Halimo akajifunga shuka yake vizuri. "Haya. Sasa najua pa kwenda," akasema, akaenda kufunga mizigo.

Mvua ilipokuja alirudi, na mbuzi wachache kuliko aliokwenda nao. Alinikuta machimboni. Juu nyasi zilikuwa zimetoa mbegu. Chini palikuwa peupe, jua lilikwisha kumaliza kila kitu.

"Kwa hivyo mbuzi wangu wangekula tu," akasema.

"Wangekula, Eedo."

Akapatazama pale peupe kwa muda.

"Ulisema hujui," akasema. "Nilikusikia." Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Bado nalifikiria jambo hilo, mdogo wangu, mara nyingi kuliko inavyofaa. Kusema wazi hakukunifanya niwe sahihi, na hakukuwarudisha wale mbuzi. Ila wenye mbuzi waliamua wakijua nilichojua, na Halimo aliondoka na wenzake. Kwa hiyo nenda, pima, pima tena kama roho yako haijatulia, lakini watu wakikuuliza usiwaweke kwenye jua wakisubiri hofu yako iishe. Haiishi. Waambie ulichoona. Waambie pia usichokiona, bila kukificha ndani ya maneno marefu. Kuamua ni kwao.

Mwenyezi Mungu akupe macho yanayoona na ulimi usiozungukazunguka, na kila unaporudi kutoka huko uendako, ukute mtu amekuwekea maji ya kunywa. Amin.