Majibu Yaliyolala Njoro

Mimi si mtu wa subira, na mashine isiyosema inaumwa wapi hunipandisha hasira kuliko binadamu yeyote. Ile kompyuta ya ofisini kwetu Njoro tuligombana nayo wiki kadhaa kabla sijajua ilichokuwa inanificha.

Kazi yake ilikuwa rahisi. Maabara ya hospitali moja mjini ilituma majibu ya vipimo yakiwa yameandikwa kama barua ya kawaida. Programu yangu iliyageuza yakawa PDF isiyoweza kuchezewa, kisha ikayapeleka kwenye zahanati za huko mlimani. Hakuna mkono wa mtu hapo katikati. Niliiandika mwenyewe, na nilijisifu sana, Mungu anisamehe.

Basi ikaanza kuchoka. Asubuhi inakimbia, ikifika saa sita mchana inajikokota, saa tisa imekufa kabisa. "Zima, washa," bosi alikuwa akisema bila hata kuinua macho kwenye chai yake. Nikazima, nikawasha. Ikaamka. Kesho yake vilevile. Tukaishi hivyo zaidi ya mwezi.

Katika siku hizohizo mama yangu alikuwa anasubiri majibu. Alikuwa amekatwa kinyama cha kupima kwenye uvimbe shingoni, akaambiwa aulize zahanati baada ya wiki mbili. Akaenda, hayajaja. Akaenda tena, hayajaja. Mara ya tatu hakwenda. "Wangekuwa wameona kitu wangeshaniita," aliniambia kwenye simu. "Habari mbaya haichelewi." Huko kwetu mlimani ndivyo tunavyoamini, kimya kikizidi, watu wanashukuru. Nami, msomi wa familia, nikamjibu, "Ni kweli, mama." Nilikuwa na haraka. Mashine ilikuwa imekufa tena.

Jumapili akatoa shukrani kanisani. Alisimama mbele ya usharika wote na kilemba kipya, akasema Bwana amemwondolea hofu, wanawake wakapiga vigelegele. Mkungu wake wa ndizi mshare, mkubwa kuliko yote kihambani, shamba letu la nyumbani, ukapigwa mnada pale nje baada ya ibada kama sadaka nyingine, nami nikaung'ang'ania mpaka wenzangu wakaniachia. Mama alicheka hadi machozi. "Wee mtoto! Unanunua ndizi za nyumbani kwenu!" Nilicheka pia, lakini sikuwa na amani. Mlima ulikuwa umefunikwa tangu Ijumaa, na wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye migomba ya jirani. 

Jumatatu nikaapa: leo siizimi. Nikafungua orodha ya programu zinazofanya kazi ndani kwa ndani, nikaketi na daftari. Kila barua inapoingia, programu yangu huamsha nakala moja ya ile programu ya kuandikia, isiyoonekana kwenye kioo. Nakala hiyo inafungua barua, inaigeuza, halafu inafungwa. Ndivyo nilivyodhani. Kufika saa tano nilihesabu nakala kumi na moja zilizobaki wazi, hazina kazi yoyote, na kila moja imekalia nafasi yake. Zikijaa, mashine inakosa pumzi.

"Ala! Nyie nani kawaacha humu?" nikasema kwa sauti. Bosi akanitazama kama mgonjwa.

Nikalinganisha saa za nakala hizo na orodha ya barua zilizopita. Barua zilizogeuka vizuri, nakala zake zote zilifungwa. Zilizobaki wazi zilikuwa za barua zilizoshindikana. Barua ikigoma, programu iliandika "kosa", ikaitupa kwenye folda ya pembeni, ikarukia inayofuata bila kufunga nyuma yake. Ni kama mtu aliyefungulia maji ya mfongo, mfereji wa mashamba yetu, zamu yake ilipofika, akasikia yowe la msiba, akakimbia bila kuyafunga. Shamba lake linafurika, walio chini wanakauka. Na aliyefungulia alikuwa mimi. Folda ile ya pembeni niliitengeneza kwa mikono yangu, na sikuwahi kuifungua hata siku moja.

Dawa ilikuwa mstari mmoja tu wa programu, wa kufunga nakala barua ikigoma. Lakini mimi nikishikwa na jambo silali, nikataka kujua kwa nini barua hizo ziligoma. Nikafungua folda. Barua ya kwanza ilikuwa na picha ndani, kubwa, nzito, ya darubini, madoadoa ya zambarau. Ya pili nayo ina picha. Ya tatu. Zote. Nikampigia simu dada wa maabara.

"Samahani dada yangu, hizi picha mnamwekea kila mgonjwa?"

"Hapana," akasema. "Tukikuta salama tunaandika tu. Picha tunaweka pale tulipoona kitu, ili daktari ajionee. Tangu tupate ile kamera mpya. Kwani hazifiki?"

Nikamwambia hazifiki, nikakata simu.  Zaidi ya mwezi mzima tulikuwa tunapeleka habari njema peke yake. Wenye habari mbaya tuliwapelekea kimya, nao wakakipokea kwa furaha.

Barua hazikuwa na majina, namba tu. Kadi ya mama, yenye namba yake, niliipiga picha siku ile ya kinyama, ilikuwa kwenye simu yangu mfukoni. Sikuitoa. Nilijidanganya kwamba nitengeneze kwanza. Nikaandika ule mstari, nikaongeza nafasi ya picha nzito, nikairudisha folda yote ipite upya. Ikaenda vizuri mno. Inafungua, inafunga. Inafungua, inafunga. "Nilijua tu wewe ni jembe!" bosi akapiga makofi. Ndipo nikatoa simu. Namba ya mama ilikuwa ya tatu kutoka mwisho.

Barua yenyewe sikuisoma. Haja gani? Nilimwambia bosi azipigie zahanati zote, moja baada ya nyingine, asiache hata moja, nikapanda mlimani.

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo Jumatatu, una nini?"

"Majibu yako yametoka. Nimekuja twende wote."

Kisu kikasimama. "Yametoka leo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Haki ya Mungu, neno lilikuwa mdomoni.

"Wiki nne zilizopita, mama. Yalikuwa kwangu ofisini."

Akamaliza kumenya ile ndizi aliyoishika, akaitumbukiza kwenye maji. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akajifuta mikono kwa khanga, akajishika shingoni, pale pale.

"Na ile shukrani," akasema polepole, "nimeshaitoa mbele za watu. Sasa nikienda kuomba, naanzia wapi?"