Pole ya Macho

Habari hii hata mamangu kule Mombasa sijamwambia, maana atacheka, halafu atalia, halafu atawapigia dada zake wote, na mimi aibu ile bado ninayo mwilini kila nikipita Lavington. Niliingia matanga ya watu nisiowajua, nikapokea pole zao zote, nikanywa na chai yao, kisha nikamdai marehemu. Ndiyo, marehemu. Ngojeni niwaeleze kabla hamjanihukumu.

Mimi natafsiri hati, kazi naifanyia nyumbani, chumba kimoja hapa nyuma ya Adams Arcade, na bila skrini sili. Sasa macho yakanigomea. Nikikaa kidogo yanawasha kama nimekata vitunguu, machozi yanachuruzika, kichwa kinagonga. Daktari akasema macho ni mazima, mbaya ni skrini, kwamba ukipunguza mwangaza taa yake inazima na kuwaka haraka mno, wewe huoni kitu lakini jicho linachoka. (Ukitaka kuipima yako ielekezee kamera ya simu, ukiona michirizi myeusi inapita, basi umeumia.) Nikazunguka maduka ya Luthuli nikizielekezea simu laptopu za watu, mpaka muuzaji mmoja akaniuliza kama nanunua au napunga jini. Na wateja wangu wameanza kulalamika kwamba nachelewa, nikaona riziki inaondoka hivi hivi.

Ndipo nikaona tangazo la Bwana Wafula, wa Lavington. Naye macho yalimsumbua, akatafuta mpaka akapata laptopu ya aina ya zamani isiyoumiza, akanunua mbili kwa kuogopa zitaadimika, na sasa moja anaiuza. Tukaandikiana wiki nzima, mambo ya skrini tu, mtu mwenye subira kweli. Akaniambia nije Jumamosi, nisione haya, niingie tu. Siku mbili za mwisho hakuandika, nikadhani ana shughuli zake.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimebakiza ukurasa mmoja wa kazi. Nikasema nimalize kwanza, ndipo nitoke roho imetulia. Ukurasa huo mmoja ndio ulioniponza, kwa sababu nilifika kwa watu macho mekundu kama nimepakwa pilipili, machozi mpaka kwenye ukingo wa buibui.

Soja wa getini aliniangalia, akavua kofia, akasema, "Pole sana, mama." Nikasema asante. Mtu akikuambia pole unajibu nini? Sisi tumelelewa hivyo, ukijikwaa pole, ukiwa kazini pole, na wewe unashukuru tu. Akafungua bila hata kuniuliza jina.

Sebuleni walikuwa wameketi akina mama, leso mabegani, sauti chini. Nikadhani ni chama, wake wa matajiri wana vyama vyao Jumamosi. Wakanisogezea kiti, wakanipa chai, kila mmoja akanipa mkono, pole, pole, nami nikijibu asante, nimeshazoea. Hilo la kuzoea likawafanya watazamane. Mama mmoja mrefu akaniuliza tulijuana vipi na Wafula, nikamwambia mtandaoni, ila tumekuwa tukiandikiana kila siku. Akaniuliza sasa nataka nini. Nami, kwa ujinga wangu, nikajibu kwa adabu zote za pwani, "Kuna laptopu aliniahidi. Alisema ameniwekea mimi."

Yule mama mrefu akaweka kikombe chini polepole.

"Kaka yangu yuko mochari," akasema. "Hata nyumbani hatujampeleka kumzika, na wewe umekuja kurithi?"

Nikataka kusema samahani, sikujua, nikashindwa, na yale machozi ya skrini yakachanganyika na ya kweli, nikalia mbele yao, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kuamini wanachokiamini. Mmoja akasema nitolewe nje. Hapo akainuka mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye godoro pembeni, muda wote hakuwa amesema neno, nami nikajua huyo ndiye mke.

"Mwacheni. Nataka kumuuliza moja tu," akasema. Akanisogelea. "Ni wewe wa Mombasa?"

Jamani, mimi nimezaliwa Mombasa. Nimeulizwa swali, nimejibu. Nikasema ndiyo, mimi ni wa Mombasa.

Yule mwanamke akaketi sakafuni pale pale. Wifi yake, yule mama mrefu, akaanza kusema kwa sauti kwamba kumbe ile safari ya Mombasa ya kila mwezi haikuwa ya kazi, na wenzake wakaitikia, na mimi katikati naona mtu anaharibiwa ndoa yake yote na mumewe hayupo hata ajitetee. Hapo ndipo sauti ikanirudi. Nikapiga magoti mbele yake, nikampa simu, nikamwambia, dada yangu, mimi sikuwahi hata kumwona, hii hapa, soma tangu mwanzo.

Akasoma. Alisoma taratibu, michirizi, mwangaza, majina ya laptopu, mpaka nikaona aibu kwa jinsi tulivyokuwa tunachosha. Halafu kidole kikasimama. Akanirudishia simu, akasema niwasomee wote. Nikasoma:

"Mimi nikienda Mombasa hutumia mashine ya ofisi, yangu hawairuhusu. Narudi nyumbani macho mekundu, mke wangu ananiangalia vibaya, nami sina la kumwambia akaamini."

Yule wifi akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Aliniambia," mke akasema. "Kila mara aliniambia ni kompyuta. Nikamwambia ametafuta uongo wa kitoto. Safari hii ya mwisho hata maji ya kuoga sikumtengea."

Akaniomba nimtumie ujumbe ule. Nikautuma nikiwa bado nimepiga magoti, simu yake ikalia ndani ya leso, akaitoa, akausoma tena peke yake, kana kwamba sisi hatupo. Nikaaga kwa kichwa, nikatoka.

Laptopu sikuiulizia, na sitaiulizia. Siku hizi mtu akiniambia pole namuuliza kwanza ya nini, wananiona nina kiburi, sawa tu. Kazi naifanya kwa ile ile mbovu, nusu saa naandika, nusu saa nimefumba macho. Na nikiyafumba namwona yule mwanamke amekaa sakafuni na simu mkononi, anamwomba mumewe msamaha, na hakuna wa kumjibu.