Kahawa Haitafunwi Peke Yako

Mama alizifunga zile kahawa ndani ya jani kavu la mgomba, akazungusha kamba mara tatu, akaziweka katikati ya shati langu la pili ili zisipondeke. Nilikuwa na mashati mawili na kitabu kimoja cha sala, basi mzigo haukuwa mkubwa.

"Hizi si za kula melini," akaniambia. "Hizi ni za watu. Ukishafika huko ugenini, mtu akiingia kwako umpe. Kahawa haitafunwi peke yako. Na zikiisha hujapata hata mmoja wa kutafuna naye, wewe rudi nyumbani, mwanangu. Huo mji utakuwa haukukutaka."

Asiyejua mambo ya Bukoba atashangaa. Kwetu kahawa hatuanzi kwa kuinywa. Tunaichemsha na majani yenye harufu nzuri ingali na ganda lake, tunaianika juani mpaka inakuwa nyeusi na ngumu, kisha tunaitafuna moja moja. Tunaiita akamwani. Mgeni akifika, hata kabla hajaulizwa alikotoka, anapewa kiganjani. Hata kama jana mligombana. Mgeni akikaa mpaka jua likageuka hajapewa, anajua mwenyewe kwamba anyanyuke.

Mimi nilimcheka mama. Nilikuwa kijana, na kichwa changu kilikwisha kufika Nairobi kabla ya miguu. Kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni nilikuwa nimefundishwa kupanga herufi za risasi, na wasafiri walinieleza kwamba Nairobi kuna mitambo inayopiga karatasi elfu kabla chai haijapoa. Nilijiona tayari nina duka langu la uchapaji, na kibao chekundu mlangoni. Niliwaza hata rangi ya viti. Basi nikapanda meli mpaka Kisumu, nikapanda treni, na lile fungu nikalipakata kama yai.

Kazi niliipata River Road, kwenye duka la uchapaji lililokuwa juu ya ngazi, kati ya muuza misumari na nyumba ya kulala wageni. Tulichapa kadi za harusi, risiti, na matangazo ya vifo. Mpangaji herufi mwenzangu alikuwa mtu wa upande wa Kakamega, mnene, mcheshi, mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu. Nikasema, huyu ndiye. Siku ya tatu, wakati wa chai, nikamwekea kahawa mbili juu ya kipande cha karatasi, nikampa kwa mikono miwili.

Akazigeuza kwa ncha ya kidole.

"Ndugu yangu," akasema, "kwetu mbuzi wako mingi. Hii kitu naijua."

"Si mavi ya mbuzi. Ni kahawa. Tafuna."

"Tafuna wewe kwanza nione."

Nikatafuna. Akatupa moja mdomoni, uso ukakunjamana, akaitema kwenye pipa la karatasi mbovu, akasukutua mdomo kwa chai yake yote.

"Pole, Mtanzania," akasema, akinipiga bega. "Kumbe njaa iliwafikia hivyo na hamkusema?"

Duka zima likacheka, na mimi nikacheka. Hakuwa mtu mbaya. Alinionyesha mahali pa kula kwa bei nafuu, na nilipougua mafua ya Julai aliniletea koti la kaka yake. Lakini kahawa alikuwa ameitema, na moyoni nikamtoa kwenye hesabu ya mama.

Chumba changu kilikuwa Kawangware, nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mkikuyu aliyezaliwa hukohuko kabla mji haujamfikia. Alikuwa na ng'ombe wawili, na vyumba vinne vya mabati alivyopangisha. Mumewe alikuwa amefariki. Binti yake alisoma shule ya bweni, na mwanawe wa kiume alikuwa amepelekwa masomoni Amerika. Alikuwa mama wa maneno machache. Jioni ya kwanza aliniletea chai kwenye kikombe cha bati, akakiweka dirishani, akaenda zake.

Chai ile ilinitia nguvu. Jumapili alipotoka kanisani nilivaa shati la pili, nikaenda mlangoni kwake, nikamnyoshea kahawa nne juu ya kipande cha lile jani.

Hakuzigusa. Aliniangalia, akachungulia barabarani, akanivuta ndani kwa mkono wa shati, akafunga mlango.

"Hii umetoa wapi?"

"Nyumbani, mama. Mama yangu alinipa nikukaribishe."

"Mama yako yuko na leseni?"

Kwetu hakuna mwanamke anayeulizwa leseni ya kitu kilichoota nyuma ya jiko lake.

"Sikiliza, kijana. Kahawa haikuliwangi. Kahawa inapimwa, inapelekwa faktori, inaenda Ulaya. Mimi nimechumia Mzungu kahawa tangu niko hivi." Akaonyesha kwa mkono kimo cha mtoto. "Jioni tunapangwa laini, mnyapara anaingiza mkono kwa mfuko, kwa kitambaa, kila mahali. Msichana mmoja wa rika yangu alipatikana na nne. Nne kama hizi. Hakutaka kula. Alitaka za kuchezea. Baba yake alifukuzwa shamba siku hiyo hiyo, na watoto wote, na mvua ikinyesha."

Akanikunjia vidole vyangu juu ya zile kahawa.

"Ficha. Na watu wasikuone na hii kitu kwa geti yangu."

Nilirudi chumbani masikio yakiwaka moto. Nilikuwa nimemletea salamu ya mama yangu, na mkononi mwake ilikuwa wizi.

Tangu siku ile nilianza kutafuna peke yangu. Naliandika hili nikijua ni aibu. Nilikuwa nikitoka kazini natembea kwa miguu, Valley Road, Hurlingham, mpaka Kawangware, maana miguu haidai kitu na ndoto zangu zilikwenda vizuri kwa mwendo ule. Hapo Hurlingham kulikuwa na nyumba moja ambayo mgomba wake ulikuwa umetoa jani nje ya ua. Kila jioni nilikuwa nikilishika lile jani kidogo, kisha napita. Siku moja mlinzi aliniuliza, "Wewe, hiyo jani ni ya bibi yako?" Nikamjibu ni ya shangazi, akacheka, akaniacha. Lakini nikifika chumbani, nikifunga mlango, kulikuwa kunanijia harufu ya ziwa ambayo haikuwapo. Ilinijia hata ndani ya sabuni. Hapo ndipo nilipofungua fungu nikatoa moja. Ule uchungu wake ulikuwa unaninyamazisha. Kwa muda wa kutafuna kahawa moja nilikuwa kwetu, na nilipomeza ganda nilikuwa nimerudi Kawangware.

Kazini, tukishapiga chapa, tulikuwa tunazirudisha herufi kwenye kesi, yaani sanduku lao, kila herufi katika kijumba chake. Nilianza kuichukia kazi hiyo, mimi niliyekuwa nikiifanya kwa mluzi. Niliziona a zinakwenda kwao, m zinakwenda kwao, mimi nimesimama na mikono myeusi.

Kwenye barua za nyumbani nilimdanganya mama. Nilimwandikia kwamba kahawa zake zinapendwa sana.

Mwaka ukapita, na miezi kadhaa juu yake, ikabaki moja. Ile moja sikuitafuna. Nililikunja jani, nikaliweka juu ya sanduku, na kila Jumamosi nikawa naliangalia. Nikiitafuna peke yangu, nitakuwa nimeisha. Mama alisema rudi, na nilijua ningerudi, maana kumdanganya kwa barua niliweza, lakini kuvunja neno lake sikuweza. Kibao changu chekundu kingebaki hewani. Na bado kuna asubuhi niliamka nikiitamani niitafune tu, ili safari iwe imekatwa na kahawa, si na mimi.

Wiki ya tatu ya kuitazama, Jumapili mchana, mama mwenye nyumba akasimama mlangoni kwangu. Hakuingia.

"Huko kazini unapangaga maneno ya Kikuyu?"

"Napanga, mama. Lakini silijui hata moja."

"Hata moja?"

"Jina la Mungu tu, Ngai. Maana yuko kwenye kila tangazo la kifo."

Akafikiri. "Sawa. Kuja."

Mezani kwake kulikuwa na barua ya karatasi nyembamba ya buluu, zile zinazokunjwa zikawa bahasha zenyewe. Ilikuwa ya mwanawe. Alikuwa hajaandika kwa zaidi ya mwaka. Binti yake aliyekuwa akimsomea alikuwa shuleni mpaka mwisho wa muhula, na majirani hakuwataka.

"Wakisoma, jioni kanisa yote inajua," akasema. "Wewe utasoma, lakini hautasikia. Soma pole pole. Na usiniangalie."

Nikasoma. Nilisoma kama ninavyopanga, herufi, silabi, neno, mpaka nukta. Mwanzoni alinisahihisha mara mbili, halafu akaacha. Sauti ilikuwa yangu lakini sikujua inasema nini, na ilinitisha kidogo, kama mtu aliyebebeshwa mzigo uliofunikwa. Nilipofika katikati akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Tena."

Nikaisoma sentensi ile mara ya tatu. Nilikuwa nimeambiwa nisimwangalie, lakini mkono wake ulikuwa mezani mbele yangu, na niliuona unasugua kitambaa cha meza mahali pamoja, palepale, kana kwamba kuna doa. Nikaendelea hadi jina la mwanawe chini, nikaiweka barua mezani. Nje ng'ombe alikuwa akijisugua kwenye nguzo.

Nikainuka niondoke, maana nilidhani kazi yangu imekwisha.

"Kaa," akasema.

Akaikunja barua ikawa ndogo kabisa.

"Anasema ni miaka tatu sasa anaishi kwa hiyo chumba, na hakuna mtu amewahi kukanyaga ndani. Hata mmoja. Anasema kuna mzee mlango yake inaangalia mlango ya mtoto wangu. Wakikutana kwa ngazi, mzee anageuza uso. Na mimi nilifikiria ameshiba huko, ametusahau." Akavuta pumzi. "Wewe umekaa kwangu siku ngapi?"

"Mwaka mmoja na miezi, mama."

"Na mimi sijaingia kwako."

"Uliingia, mama. Siku ile mvua iling'oa mabati."

"Siku hiyo nilikuja kuangalia mabati. Sikukuja kwako."

Akajifunga kitambaa vizuri kichwani, akatoka, nami nikamfuata. Aliingia chumbani kwangu akiinamisha kichwa, akatazama kitanda, shati lililotundikwa msumarini, na picha ya mtambo wa kuchapa niliyoikata gazetini. Nilimpisha kitandani, akakataa, akaketi juu ya sanduku, baada ya kuliinua lile jani lililokunjwa na kulishika kiganjani.

"Ziko?"

"Imebaki moja, mama."

"Nyingine ulipatia nani?"

Ningeweza kumdanganya. Barua zilikuwa zimenizoeza.

"Nilizitafuna peke yangu."

Hakunicheka. Alinirudishia lile jani, akanyosha kiganja, vile vile mgeni anavyonyosha kwetu, ingawa hakuna aliyemfundisha. Kahawa moja ina punje mbili ndani ya ganda, zimelaliana tumbo kwa tumbo. Nikaitoa kwenye jani, nikaivunja kwa meno ya mbele kama anavyofanya mama akiishiwa mbele ya wageni, nikampa nusu kwa mikono miwili, nikabaki na nusu.

Alikaa nayo kwanza. Jicho lake lilikwenda mlangoni, na nikajua ni mnyapara aliyekuwa akimtafuta pale. Kisha akaitia mdomoni. Akatafuna polepole, uso ukimkunjamana, lakini hakutema.

"Ni chungu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Maisha yangu yote nimechuma hii kitu, na sikujua ni chungu."

Tukatafuna mpaka zikaisha, kila mtu akitazama upande wake. Machozi yalinitoka, na yeye akajifanya anaangalia ile picha ya mtambo.

"Hii ndiyo unataka kununua?" akauliza.

"Siku moja."

"Itatoshea wapi kwa chumba kama hii?" akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatabasamu.

Usiku ule sikuandika. Niliandika Jumatatu, wakati wa chai, juu ya karatasi mbovu za duka, na safari hii nilimweleza mama yote: ya mbuzi, ya leseni, ya kutafuna peke yangu nyuma ya mlango, na ile nusu. Nilimweleza na ya kijana wa Amerika, maana mama mwenye nyumba alinipa ruhusa, akisema mama mwenzake hahesabiki kama jirani.

Jibu lilichelewa sana, nikadhani amekasirika. Kisha kikaja kifurushi kwa posta. Ndani mlikuwa na mafungu matatu. La kwanza lilikuwa na kamba ya kawaida, langu. La pili alilifunga kwa uzi mwekundu, la mama wa huko. La tatu lilikuwa dogo, na barua iliyoandikwa na mtoto wa jirani kwa maneno ya mama ilisema hilo ni la yule kijana wa Amerika, na aambiwe asifungue kabla hajagonga mlango wa yule mzee. Kwangu mimi aliongeza mstari mmoja tu: mwongo akishaungama apewe nyingine.

Fungu lile la tatu tulilituma kwa posta, mimi nikiandika anwani kwa herufi kubwa zilizonyooka kama nilizochapa. Kama lilifika, hatujui bado. Barua zimeanza kuja, fupi fupi, na mimi ndiye msomaji hata binti anapokuwa likizo. Jioni bado napita Hurlingham nikalishika lile jani, na harufu ya ziwa bado inanijia ndani ya sabuni. Lakini sijapanda treni.

Barua ikifika, mama mwenye nyumba hangoji hata nikae.

"Angalia kwanza," ananiambia, "kama ameandika mahali kuhusu mlango."

Neno lenyewe amenifundisha: murango. Nina maneno mawili ya Kikuyu sasa. Nanyosha karatasi juu ya kitambaa cha meza, napitisha kidole mstari kwa mstari kama ninavyotafuta herufi iliyokaa vibaya, naye anasimama nyuma yangu, ameshika fungu lake la uzi mwekundu, anangoja.