Upepo wa Baba Mkwe

Nilipoolewa huku mlimani, juu ya Nkoaranga, shangazi zangu walinifunda mambo mengi, na nusu yake nimeyasahau. La baba mkwe sikulisahau. Usikalie kiti chake, usimkute kifua wazi, na ukimwona anaelekea chooni, wewe geuka utazame migomba. Nimeitazama ile migomba mpaka naijua mmoja mmoja.

Sasa mzee wa namna hiyo, ugonjwa umpate wapi? Utumboni. Mwaka juzi utumbo ulijisokota, akapasuliwa kwa haraka, tumbo zima. Wakakata kipande kilichooza, na ncha iliyobaki wakaitoa nje ubavuni, choo kikawa kinaingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Ule mfuko haukuwa na adabu. Ulinguruma wenyewe, hata watu wakiwa kwenye sala. Mzee wa kanisa mzima akaacha kwenda ibadani, Jumapili akawa anapalilia kahawa. Mume wangu ndiye aliyembadilishia mifuko, mlango umefungwa, na mimi jikoni nagonga sufuria makusudi ili baba asidhani nasikia. Nilimpenda sana yule mzee. Nilimwonea huruma mpaka nikawa nakasirika.

Ndipo daktari mmoja wa mjini akatuambia kwamba utumbo unaweza kuunganishwa tena, na wala hatapasuliwa kama mwanzo. Angetoboa matundu madogo, apitishe kamera nyembamba na vifaa vyake, aunge huku anatazama kwenye skrini.

"Kwa hiyo unashona huku unaangalia televisheni?" baba mkwe akamuuliza.

"Ndiyo, mzee wangu."

Akafikiri kidogo. "Basi usibadilishe chaneli."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mume wangu ni dereva wa lori, ilibidi arudi safarini, nikabaki mimi kumuuguza. Daktari alinieleza jambo moja tu la kungojea: baba akitoa upepo, tujue njia imefunguka, aanze kunywa na kula. Asipotoa, huenda pale walipounga pamekwama, na itabidi warudi ndani, safari hii kwa kisu kirefu.

Asubuhi akaja nesi, binti mdogo wa mjini asiye na breki. "Babu, shikamoo. Umejamba?"

Baba akatazama dari. "Marahaba. Bado."

Mchana, bado. Kesho yake, bado. Mtori wa ndizi niliokuja nao kwenye chupa nikaunywa mwenyewe kwa hasira, maana yeye alikuwa kwenye dripu tu, midomo imemkauka. Daktari akambonyeza tumbo, akasema ni laini, haelewi kimya hiki ni cha nini. Tukiamka na hali hiyo hiyo, atampiga picha, na huenda akamrudisha chumba cha upasuaji. Nikatoka nje kwenye korido nikalia. Ile mara ya kwanza tulikaribia kumzika. Kwa umri wake, kisu cha pili asingekiweza.

Niliporudi, mgonjwa wa kitanda cha jirani, Mwarusha wa Oldonyo Sambu aliyepasuliwa ngiri, akaniita kwa kidole. "Mama, unalia nini? Mzee wako ni mzima. Tangu jana, ukienda kuosha vyombo tu, yeye huku anafungulia. Akikusikia unarudi, kimya."

Yesu wangu. Nilitamani kucheka na nilitamani kumpiga mtu. Nikasogea kitandani kwa baba, nikageukia dirisha nimpe mgongo, kama nilivyofundwa.

"Baba, ni kweli?"

Akasema polepole, "Mkwe wangu, yule binti ananiuliza wewe ukiwa umekaa hapo. Mtu anajibuje neno hilo mbele ya mke wa mwanawe?"

"Kwa hiyo upasuliwe tena kwa ajili ya heshima yangu?" Sauti ilinipanda, wodi nzima ikasikia. "Mficha maradhi kifo humuumbua, baba. Mimi heshima ya kukuzika siitaki. Nataka urudi nyumbani ule."

Nilijua nimevuka mpaka. Sikuwahi kumpandishia sauti tangu niolewe, na machozi yalikuwa yananitoka mbele ya wanaume wasionijua. Nikachukua kanga yangu nitoke, nimwite nesi, nimwachie mzee nafasi yake.

"Usitoke," akasema. "Kaa."

Nikakaa, bado nimempa mgongo. Halafu nikasikia, wazi kabisa, na wa kitanda cha jirani akasema amina. Nikageuka. Nilimtazama usoni, na yeye akanitazama, masikio yamemwiva kwa aibu, wala hakukwepa.

Nesi alipopita akauliza lile swali lake, mimi nikiwa pale pale pembeni.

"Nimejamba," baba akasema.

Nesi akamtazama kwa mashaka, maana alishazoea bado. "Kweli, babu? Una uhakika?"

"Muulize binti yangu," akasema. "Alikuwepo."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nikamwambia nesi ndiyo, nimesikia, na mkono wa baba nilikuwa nimeushika.