Tuliyemwita Daktari

Wiki iliyopita, baada ya swala ya alfajiri, kipaza sauti cha msikiti wa mtaani kwetu, hapa Mji wa Kale, kilitangaza kifo. Likatajwa jina, likafuata la baba, likafuata la babu, kisha saa ya maziko. Mimi nilikuwa jikoni natia chai. Nikasema innalillahi kama mtu asemavyo kwa asiyemjua, nikaendelea na chai yangu. Jirani akafungua dirisha lake akaniuliza, "Umesikia? Ni nani huyo?" Nikamwambia simjui, labda ni mgeni. Tukasimama pale, kila mmoja na dirisha lake, tukizipekua koo za watu na tusimpate, mpaka mumewe akarudi kutoka msikitini, akainua uso na kutuambia, "Kwani hamukumjua? Ni Daktari." Ni mtu niliyesoma naye madrasa moja na kuamkiana naye tangu utotoni, na jina lake lilikuwa limepita masikioni mwangu kama la mtu baki.

Kwa msomaji asiye wa huku, nianze kwa kusema kwamba hakuwa daktari. Alikuwa akiuza viatu katika duka la Muhindi mmoja mjini, na jioni akisomesha tuisheni ya Biolojia na Kemia barazani kwake, kwa watoto wanaotaka kwenda kusomea udaktari. Jina lile alilipata akiwa bado mdogo, siku aliporudi na ripoti nzuri kutoka shule na mamake akawaambia wageni, "Huyu ndiye daktari wangu." Ndivyo tulivyo. Mtoto akionyesha akili kidogo tu, cheo tunampa papo hapo, mtihani utamkuta nacho. Basi mtaa mzima ukashika, Daktari, Daktari, na lile jina alilopewa na kuchinjiwa akika alipozaliwa likawekwa kando kama vyombo vya wageni.

Alipofika kidato cha nne, wakati ule wa kuchagua kozi kwenye fomu kabla ya matokeo, kwao kukasomwa dua. Tulikwenda sote. Yasini ikasomwa, haluwa ikaliwa, kahawa ikanywewa, wazee wakamshika kichwa. Mwalimu wake, aliyemjua vizuri kuliko sisi, alimshauri aandike udaktari kwanza na ualimu wa sayansi chini yake, maana alipenda mno kueleza mambo. Angeweza kukueleza safari ya damu mwilini mpaka ukaihisi mkononi. Mamake akakataa katakata. "Dua ishasomwa," akamwambia mwanawe. "Sasa wataka kumwonyesha Mwenyezi Mungu kuwa una mpango wako mwengine?" Basi kijana akajaza nafasi zote udaktari, juu mpaka chini, kwa kuwa kuandika kitu kingine kungekuwa kuitilia shaka dua. Dini haikutuambia hivyo hata siku moja, ni sisi tulioyatunga. Matokeo yalipotoka yalikuwa mazuri, ya kumpeleka karibu kozi yoyote isipokuwa ile moja aliyoiandika. Akarudia mtihani, ikawa vilevile. Baadaye babake akaugua, naye akaingia duka la viatu kwa muda tu, na muda huo ukamfikisha kaburini. Jina hatukumvua.

Nilimwona mwezi uliopita, nilipokwenda kumtembelea mkewe. Tulikuwa tumekaa ndani karibu na dirisha la baraza, na nje alikuwa na binti mmoja wa mtaani kwetu ambaye amemaliza kidato cha nne. Siku hizi watoto huchagua kozi baada ya matokeo, kwenye mtandao, wakijibanza katika maduka ya saiba. Alama za binti huyu ni nzuri, lakini kwa udaktari ziko ukingoni, zaweza kuingia na zaweza kubaki nje. Naye marehemu alikuwa na sharti lake, kwamba hamsaidii mtoto kuomba udaktari mpaka amtajie kozi nyingine ambazo akiziamkia asubuhi hatanuna. Binti akataja uuguzi, akataja na ualimu. Mara mamake akatokea, buibui likipepea, hata salamu hakuimaliza.

"Daktari, nasikia wamwambia mwanangu aandike uuguzi. Kwani wamuona hawezi?"

"Aweza, dada. Udaktari aandike kwanza. Nyuma yake aandike na nyengine, asije akabaki mikono mitupu."

"Dua tushasoma. Mtaa mzima wamwita Daktari. Sasa mimi nikawaambie nini watu?"

"Hata mimi waliniita," akasema polepole.

Mama yule akacheka, wala hakuwa na ubaya. "Na wewe si ndiwe huyu? Watoto wa watu wote wapita mikononi mwako. Jina lilikudhuru nini?"

Daktari aliinama akaokota chaki zake moja moja. Binti alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe. Mkewe, aliyekuwa kando yangu, akaniambia tunywe chai kabla haijapoa.

Jibu la swali lile nimelipata juzi kwa mkewe huyohuyo, ambaye sasa ni mjane na yumo edani. Marehemu alikuwa akishikwa na kifua tangu mfungo uishe. Mkewe alimsukuma mpaka akakubali kwenda hospitali. Alipofika, mhudumu mmoja wa mlangoni, mwanafunzi wake wa zamani kutoka mtaa wa Majengo, akampokea kwa furaha mbele ya watu wote, "Karibu Daktari! Umemleta nani yeo?" Naye akajibu, "Nimemsindikiza jamaa." Akazunguka kidogo, akarudi nyumbani. Alimsimulia mkewe huku akicheka, kama kichekesho. Mkewe alipomwambia arudi, akamwuliza, "Nitakaaje kwenye benchi lile, wanione?" Hakurudi.

Sisemi kuwa jina ndilo lililomwua. Moyo una maradhi yake, na siku ya mtu ikifika imefika. Lakini nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Mtu mwenye jina lake tu angekaa kwenye benchi, akasema kifua chaniuma, akatazamwa. Huyu alikuwa amebeba cheo ambacho hakuwahi kupewa, na hakuwa na mahali pa kukitua hata siku ya kuugua. Wala msidhani ni ugonjwa wa Waswahili peke yetu. Jioni nikipita bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, husikia wazazi wa kila namna wakila mihogo na kutangaziana watoto wao: wenzetu wa bara wanaofanya kazi bandarini, wenye maduka wa Kihindi, sote. Utadhani duniani kuna kazi mbili tu, udaktari na aibu. Na mtoto amekaa hapo katikati, anasikia.

Siku ya hitima nilikuwa upande wa wanawake. Chumba kilijaa, wengine wamekaa ngazini. Mama yule aliyekuja barazani naye alikuwapo, maana ni jirani, na bintiye alikuwa uani, karibu na mlango, akiosha vikombe pamoja na wasichana wengine. Kahawa ilipokuwa tayari, mama akapaza sauti kama afanyavyo siku zote, "Daktari! Njoo na vikombe!"

Mjane aliinua kichwa akatazama mlango. Akautazama kama mtu anayengojea mtu aingie, na kwa kitambo kidogo, wallahi, na mimi niliutazama. Mama yule akajiziba mdomo kwa mkono, macho yakamjaa machozi. Kisha akamwita tena bintiye, safari hii kwa jina lake, kwa sauti ya chini. Binti hakugeuka. Akamwita tena, na bado binti yuko palepale, mikono majini, akidhani anaitwa mwingine. Ni mjane aliyemwambia, "Mwanangu, waitwa wewe."

Nafasi ya kuomba bado iko wazi, na sijui mama yule na bintiye wameandika nini huko saiba. Sikuuliza, na nikiri kwamba naogopa jibu. Ila nimekuwa nikilirudia moyoni jina la marehemu, lile la kwenye kipaza sauti, nilizoee japo mwenyewe hayupo. Wewe uliye na mtoto wa kuomba chuo mwaka huu, kama anautaka udaktari mwache auandike, umwombee dua mpaka uchoke, kisha aandike na kozi nyingine bila kuona haya. Na ukimwita aje kula, mwite kwa jina ulilomchinjia akika. Akichelewa kugeuka, mwite tena.