Mvua Niliyokataa Kuiombea

Niliporudi chuoni kusomea uzamili wa ukunga, kijijini nilipandishwa cheo siku hiyo hiyo. Nikaitwa daktari. Nilikuwa muuguzi miaka mingi, nimezalisha akina mama ambao watoto wao sasa wanachunga mbuzi, na hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Sasa, kwa ajili ya masta tu! Nikikataa, wanacheka, eti nina maringo ya kujishusha.

Kwetu ni kaskazini ya Kitui, ng'ambo ya mto kutoka Kyuso. Nikisema mto, usifikirie maji. Ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, watoto wanaukanyaga wakienda shule. Lakini mvua ikipiga milimani, mto unashuka ghafla hata kama kwetu jua linawaka, na hapo hakuna anayevuka. Lori lilishabebwa pale pamoja na dereva wake.

Muhula ule tulikuwa tunafunzwa kazi zilizoachiwa madaktari zamani: kupima mimba kwa mashine ya skani, kusoma picha, kuamua wewe mwenyewe nani abaki na nani apelekwe. Hiyo ya kuamua ndiyo iliyokuwa masomo yenyewe. Nilitumwa kwa mazoezi kwenye kituo cha afya cha kwetu, na mmoja wa wa kwanza kulala kwenye kitanda changu cha kupimia alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu.

"Wifi, niambie tu kama ni kijana," alisema akicheka.

Mtoto alikuwa mzima, anapiga mateke. Kisha nikashusha kifaa kutafuta kondo la nyuma. Lilikuwa limeziba mlango wa kizazi kabisa, na limejishika pale pale penye kovu la upasuaji wake wa kwanza. Nilimtumia mwalimu wangu picha, Kitui mjini. Alinipigia saa hiyo hiyo. Akianza kutoka damu huko kwenu, alisema, hamtamfikisha. Akae karibu na hospitali yenye thieta ya upasuaji na damu ya kuongezea, kuanzia sasa.

Wifi alinisikiliza vizuri tu. "Nitaenda," akasema. "Nikimaliza kupanda."

Kwetu ndengu hupandwa kwenye vumbi, kabla ya tone la kwanza, ili mvua ikute mbegu iko chini. Ukichelewa, umekosa msimu. Kaka yangu ni mlinzi wa usiku Mombasa. Nilipompigia aliniambia niongee na mama. Na mama akasema, "Shule imekufunza kuogopa. Mimi nimewazaa nyote humu ndani."

"Mama, wewe hukuwa na kovu."

"Na wewe huna shamba."

Aka! Nilitoka nje nikapiga ndoo teke, nikaumia kidole bure.

Mawingu yakaanza kukusanyika kila jioni upande wa milima. Upepo ukabadilika, ukanuka udongo. Watu walikuwa wanatabasamu barabarani. Mimi niliamka naangalia mto kabla ya kunywa chai. Wifi akishinda ameinama na jembe, nilikuwa naangalia sketi yake kwanza, kama kuna doa, kisha ndiyo namsalimia.

Jumapili waumini wa kanisa letu walifunga kuombea mvua. Watu walijaa hadi nje. Pasta akasema tutaongozwa na binti yetu daktari, nikasukumwa mbele. Wifi alikuwa amekaa na mama karibu na dirisha. Ngurumo ikasikika mbali, watu wakaitikia "Amina!" kwa furaha, na mimi nikaona wazi kabisa: mto umejaa, yeye yuko huku, damu inamwisha mikononi mwangu, mimi na masta yangu.

"Sitaiombea," nikasema. Kipaza sauti kilikuwa kimewashwa. "Kuna mtu humu, mvua ikimkuta upande huu wa mto atakufa. Mvusheni kwanza. Mkishamvusha, nitaomba hadi koo likauke."

Wifi aliinamisha kichwa, na kwa hilo wote wakajua. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hilo tunafunzwa kabla ya kufunzwa kushika sindano. Nilijua nimeitoa nje, na bado sikuondoka pale. Mama akasema, polepole tu, "Shuka." Pasta akachukua kipaza sauti, akaomba mwenyewe.

Kesho yake wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kulimiana, walikuja shambani kwa wifi bila kuitwa. Mwethya huwa na nyimbo, na utani ambao mtoto hafai kuusikia. Siku hiyo walipanda kimya. Walipomaliza, kiongozi wao akakung'uta vumbi mikononi.

"Sasa hakuna sababu," akaniambia. "Mpeleke. Halafu utuachie mvua yetu."

Tulivuka jioni hiyo kwa pikapu ya jirani, juu ya mchanga mkavu. Wifi alilia hadi Mwingi, njiani kwenda Kitui.

Damu ilianza akiwa wodini Kitui, kabla ya siku zake kutimia. Walikimbia naye thieta. Aliongezwa damu ya watu wengi, kizazi kikatolewa, na mtoto akatoka hai, msichana mdogo wa kelele nyingi. Daktari aliyempasua aliniambia kwamba kama angekuwa nyumbani, hangekuwepo. Niliketi sakafuni nikalia.

Na mvua haikunyesha. Mawingu yalitawanyika, ndengu zikakaangika ardhini, ndege wakafukua zilizobaki. Watu bado walinisalimia, lakini waliacha kuniita daktari. Kituoni, wajawazito walisubiri siku ambayo siko zamu, eti mkono uliofunga mvua usiwaguse. Nilitamani kupiga kelele! Wifi hakufa, kwa hivyo hakuna aliyemwona akifa. Shamba lililokauka kila mtu analipita.

Aliporudi nyumbani nilienda kumwangalia kidonda. Alilala chali, nami nikawa nabonyeza pembeni ya mshono.

"Jana walikuja kumwona mtoto," akasema. "Yule jirani wa nyuma ya shamba naye ana mimba kubwa. Amevimba miguu, hata uso. Anasema kichwa kinampasuka, na macho yanaona nyota."

Mkono wangu ukasimama. "Ulimwambia aje kwangu?"

"Nilimwambia. Akasema afadhali afe kuliko umguse."

Hizo ni dalili za presha ya mimba, ile inayoangusha mtu kwa kifafa. Nilichukua mashine ya kupima presha nikakata shamba mbio. Alikuwa ameketi nje. Aliponiona akajiinua kwa shida, akaingia, nikasikia komeo likifungwa.

"Ni mkono tu nataka kupima," nikasema. "Mkono tu, dada. Hata usiponisemesha."

Nilimsikia akihema upande wa pili wa mlango, karibu kabisa na mimi. Nikabisha. Nikabisha tena, nikiita, mpaka nikasikia kitu kizito kikianguka ndani.