Wadudu wa Jino la Manka

Nilipokuwa mtoto kule Kirua Vunjo, jino lililotoboka lilikuwa na mdudu, na dawa yake alikuwa nayo Bibi, mama mzazi wa baba. Aliweka kipande cha jembe chenye moto katikati ya bakuli la maji, akakimwagia mbegu kavu za ndulele, yale matunda machungu ya porini, kisha akamfunika mgonjwa kitenge, kinywa wazi juu ya moshi. Ukifunuliwa unakuta vidude vyeupe vinaelea majini. Tulivihesabu kwa raha, na aliyetoa vingi alitamba wiki nzima.

Mwaka mmoja maduka yalijaa pipi, na mdogo wangu Manka, wa miaka minne, hakuwa mtu wa kukataa kitu kitamu. Gego lake likaoza. Bibi akamtoa wadudu siku tatu mfululizo. Mama alitaka kumpeleka hospitali, lakini hakuwa na kawaida ya kumbishia mama mkwe. Siku ya nne shavu lilivimba mpaka jicho likafumba, na mtoto anaungua homa, hata mtori wa ndizi hataki. Mama akambeba mgongoni, akateremka hospitali Moshi mjini bila kumuaga Bibi. Niliogopa kwamba Manka harudi tena.

Bibi alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, nikapasha chuma na kumwaga mbegu mwenyewe, nikiamini dawa itamfikia Manka hukohuko aliko. Hakukuwa na kinywa cha mtu juu ya bakuli. Vidude vyeupe vikaelea vilevile.

Bibi aliporudi nikamwonyesha. Akaniuliza kama niliachama juu ya bakuli, nikasema hapana. Akakipasua kimoja kwa ukucha, akakitazama ndani.

"Ni mbegu zenyewe," akasema.

Manka alirudi baada ya wiki moja, ana mapengo mawili, la gego lile na la jirani yake. Mama alisema daktari amemwambia wangechelewa siku moja zaidi, angemzika. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na jani la sale. Kwetu, anayekuletea sale anakuomba msamaha, nawe hukatai. Lakini sikuwahi kuona mzee akimpa mke wa mwanawe.

"Pokea, mwanangu. Nilikuwa sijui."

Mama akapiga magoti, akalipokea kwa mikono miwili, wakalia wote wawili.

Watu wakiwacheka wazee wetu kwa wadudu wale, mimi hukasirika. Bibi hakutudanganya, aliamini tangu usichana wake, na alipojua alisema. Mimi nimesoma kumzidi. Nimewakosea watu tangu siku ile, wengi wao wadogo kwangu, na bado sijaweza kwenda mlangoni kwa hata mmoja.